Kigae Kwenye Ukuta wa Bibi

Juzi mwanangu wa mwisho, anayejenga nyumba yake pale Dodoma mjini, aliniletea kigae kimoja cha sakafu ili nikione. Kilikuwa cheupe, kinang'aa, kimefungwa karatasi vizuri. Nikakifungua, nikakipapasa kwa kiganja kutoka pembe hadi pembe.

"Mama," akaniambia akicheka, "hicho ni cha kutazama. Mbona unakipapasa utadhani unachagua nyanya?"

Nami nikacheka, nikamrudishia kigae chake, nikamwombea nyumba njema. Lakini mkono wangu ulibaki umenuna. Ulikuwa umepita juu ya kitu kile chote na haukuambiwa lolote, na mimi nimelelewa kwenye nyumba ambayo vigae vyake viliwekwa ili viguswe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikumbuka harufu ya udongo mbichi wa Mama, na kila nikiikumbuka naona ua wetu wa zamani, kule upande wa Mpwapwa, enzi za Wadachi, ndio Wajerumani.

Wenzangu mliokula chumvi nyingi hamhitaji kuelezwa tembe ni nini, lakini huenda wajukuu nao wakasoma, basi niseme. Ilikuwa nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa nalo limefunikwa udongo, na ilizunguka ua pande zote isipokuwa palipoachwa lango. Lango lilikuwa moja tu. Ng'ombe walipita hapo, na watu walipita hapo hapo. Ndani hamkuwa na madirisha, ila matundu madogo ya kupitishia hewa, na hata jua likiwa utosini ungeweza kujikwaa kwenye mtungi wa maji ukausingizia mtungi kuwa umehama. Kwa hiyo sote tuliijua nyumba yetu kwa mikono. Hadi leo siingii chumbani bila kugusa ukuta, na wakamwana wangu wananicheka kwa hilo.

Wadachi wenyewe tuliwasikia zaidi kuliko kuwaona. Walikuwa na boma lao, askari wao na reli yao iliyokuwa ikija, watu wakisema iko hapa, iko pale. Mimi nilizaliwa wakiwa wameshatawala, kwa hiyo sikuwashangaa. Kilichonishughulisha utotoni ni udongo. Mama alikuwa mfinyanzi, na udongo wake aliuchimba korongoni, akauchanganya na vipande vya vyungu vilivyovunjika ambavyo alivitwanga hadi vikawa unga. Ulipokuwa mbichi ulinukia mvua ya kwanza. Niliula sana. Mama alikuwa akinikagua ulimi, nami nikimwona anakuja nameza haraka na kutazama pembeni.

Bibi yangu mzaa mama aliishi upande wa Kongwa na mwanawe wa pekee wa kiume. Mjomba huyo akaondoka kwenda kwenye kazi ya reli, habari zake zikakatika. Kisha macho ya Bibi yakaanza kuharibika. Ugonjwa ule mnaujua: vumbi, nzi, halafu kope zinageukia ndani na kulikwaruza jicho. Mama alikuwa akienda kumng'oa kope hizo kwa kibano cha chuma kila alipopata nafasi, hadi siku aliyorudi akaketi mlangoni bila hata kutua mzigo.

"Hakuna tena cha kuokoa," alimwambia Baba. "Haoni. Nataka nimlete hapa."

Baba aliinuka akalitazama lile lango letu moja. Kisha akasema, "Mlete."

Siku ya kumleta, Bibi alishika ncha moja ya fimbo na mimi nikashika nyingine, Mama akifuata na vitu kichwani. Tulikuwa karibu kufika nyumbani nilipomwona Baba anakuja mbele yetu na ndama wake. Nikafurahi. Baba yangu alikuwa mtu mrefu, mkavu, ambaye niliwahi kumwona akimfukuza fisi kwa fimbo tu. Basi mtu huyo alipotuona, aliruka pembeni, akaingia mzima mzima kwenye uzio wa miti ya mnyaa nje ya lango, akajibanza humo mpaka tukapita. Jioni utomvu wa mnyaa ulikuwa umemganda mikononi na Mama akawa anamsugua kwa mafuta.

Nikaamua siku ile ile kwamba Baba anamchukia Bibi. Na ushahidi nikawa nauokota kila siku. Baba hakumtaja jina hata mara moja, alisema "yule wa ndani." Hakula mahali ambapo Bibi angeweza kusikia anatafuna. Akitaka kumsalimu, alinituma mimi, na salamu ikarudi kupitia kwangu. Bibi naye hakuwa bora. Akisikia kikohozi cha Baba, anageukia ukutani na kujifunika kaniki yake gubigubi. Nilijisemea kwamba watu wazima hawa wana ugomvi mkubwa sana, na kwamba siku moja nitaambiwa nani alianza.

Hakuna aliyekuwa ameniambia habari za ukwe. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe. Huyo ndiye aliyemzaa mama wa watoto wako, na heshima yake ni kubwa hata humkodolei macho, huli mbele yake, hupiti naye mlango mmoja, na mkikutana njiani mmoja anaiacha njia. Ukitaka kusema naye, unasema kupitia mtu mwingine. Watoto hawakufundishwa jambo hilo kwa maneno. Waliachwa waone wenyewe, na mimi niliona yote nikaelewa kinyume.

Kwa watu wengine sheria hiyo haikuwa ngumu, maana pande zote mbili zilikuwa na macho. Bibi hakuweza kumwona Baba ili amkwepe, na Baba peke yake hakuweza kukwepa kwa niaba ya wawili. Asubuhi moja Bibi alitoka kwenda kuota jua, anapapasa ukuta wa ua kama desturi yake. Wakati huo huo Baba alikuwa anatoka kwenye chumba cha ndama, ameinama, kwa kuwa milango yetu ilikuwa mifupi. Alipoinuka, mkono wa Bibi ukatua kifuani pake. Ukapapasa. Ukapanda shingoni, ukafika kwenye ndevu, na hapo Bibi akajua ameshika nini.

Ukelele aliopiga ulitawanya kuku. Baba alitoka mbio langoni, akaacha fimbo, kiatu kimoja na ndama. Alikwenda kulala kwa kaka yake, akaleta mbuzi wa kuomba radhi, ingawa aliyeguswa ni yeye. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Mama akanitazama mara moja tu, kicheko kikaisha chenyewe.

Tangu siku hiyo Bibi hakutoka nje. Alikaa chumbani kwake gizani, na chumba kile kilikuwa na joto na moshi. Akapunguza kula. Akapunguza hata maji, kusudi asihitaji kutoka kwenda haja, na midomo yake ikaanza kupasuka. Nilimpenda sana Bibi. Alikuwa na hadithi za kunicheka mimi mwenyewe, ambamo mtoto mmoja mla udongo anaota majani masikioni, na sasa hata hadithi zile alizikatiza katikati.

"Nirudishe kwangu," alimwambia Mama.

"Kwako paa limeanguka, mama."

"Basi lililobaki litaniangukia. Siwezi kumvunjia heshima mkwe wangu mbele ya watoto wake. Umeniona nilivyomshika ndevu?"

"Hukumwona."

"Ndilo hilo. Hata kesho sitamwona."

Mama alitoka nje akaegemea ukuta. Kumrudisha Bibi kule, kipofu, bila mtu, kulikuwa kumzika, na hata mimi nililijua hilo. Jioni niliwasikia wakizungumza, Mama na Baba.

"Nitahamia kwa ndama," Baba alisema. "Nitalala huko, nitakula huko. Ua awe nao yeye."

"Mwenye nyumba alale na ndama? Ndugu zako watasema nimekufukuza. Na yeye akisikia ataondoka siku hiyo hiyo."

"Basi tufanyeje?"

"Sijui," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Mimi nikaongeza jambo hilo kwenye ushahidi wangu. Baba alikuwa radhi kulalia mavi ya ndama kuliko kukaa nyumba moja na Bibi yangu.

Baada ya hapo Mama alikwenda Mpwapwa kubadilisha vyungu kwa chumvi, akanichukua. Kabla ya kufika mjini palikuwa na kambi ambako walifyatua vigae vya kuezekea nyumba za wakubwa. Mama alisimama pale na mzigo wake kichwani, akasahau kuushusha. Wanaume wazima walikuwa wamevua mashati, wanakanyaga udongo, wanaushindilia kwenye fremu za mbao, wanaukunja juu ya gogo, na wanaimba. Kwetu udongo wa kufinyanga ulikuwa wa wanawake. Mwanamume hakuugusa. Sababu siikumbuki, na nadhani hata waliokuwa wakali kuhusu jambo hilo walikuwa wameisahau.

"Wanaume wanafinyanga," Mama alinong'ona. "Tena wanaimba."

Pembeni palikuwa na rundo la vigae vilivyoharibika. Kimoja kilikuwa kimekanyagwa na mbuzi kilipokuwa bado kibichi, kikachomwa hivyo hivyo, na alama za kwato zilikuwa zimebaki juu yake wazi kabisa. Mama alikiokota. Akakipapasa kwa kidole, kisha nikaona amefumba macho na anakipapasa tena.

"Mbuzi," akasema, macho yamefumbwa. "Alikuwa anakwenda huku."

Msimamizi, mtu wa pwani mwenye kofia nyeupe, akamwuliza kama amepoteza kitu. Mama akasema anakitaka kigae kile. Yule bwana akamwambia viko vizuri vingi, hicho ni kibovu. "Nakitaka hicho kibovu," Mama akasema, na akapewa bure, msimamizi akitikisa kichwa.

Tulipofika nyumbani Mama alikiweka mapajani pa Bibi. Vidole vya Bibi vikatembea juu yake.

"Mbuzi wa nani huyu kakanyaga kazi ya watu?" Bibi akauliza. Halafu akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu siku ya ndevu, na Mama akakaa chini pale pale akamweleza alichokiwaza.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri mno. Mama alisawazisha udongo juu ya ngozi ya ng'ombe, akakata vipande bapa vya ukubwa wa viganja viwili, na juu yake akabandika sura za kufinyanga zilizotokeza nje, ili kidole kikipita kizikute. Nia yake ilikuwa kuvipachika kwenye ukuta wa ua, Bibi akipita ajue yuko wapi. Cha kwanza kilikuwa ng'ombe. Mama alikipeleka chumbani kwa fahari.

"Huyu ni nani?" Bibi akauliza.

"Ng'ombe, mama."

"Ng'ombe ana masikio ya sungura?"

"Hizo ni pembe."

Bibi akamfinya ng'ombe yule akawa donge. "Nilikufundisha vyungu," akasema, "wanyama sikukufundisha. Kosa ni langu. Leta udongo."

Basi akaanza kufinyanga mwenyewe, mule gizani, na vidole vyake havikuhitaji taa. Alituambia tusihangaike na vitu vidogo vidogo vinavyopendeza machoni, maana kidole kina haraka, kinataka kukijua kitu mara moja. Ng'ombe wake alikuwa na pembe nene na miguu mifupi. Kuku wake alikuwa kidari na mkia tu, lakini ukimgusa unajua ni kuku tena ni jike. Alifinyanga mwiko kwa ajili ya jikoni, mtungi kwa ajili ya mahali pa maji, ndama aliyelala kwa ajili ya mlango wa ndama. Mimi niliruhusiwa kufinyanga kimoja. Nikafinyanga mjusi, ambaye mkia wake ulikatika kila nilipomgeuza, na Bibi akasema aachwe hivyo, mijusi ndivyo walivyo.

Mama alivichoma vigae kwa nyasi na mavi makavu ya ng'ombe nje ya lango. Vingine vilipasuka kwa kishindo, akavitukana kwa upole. Baba alisimama mbali, mikono nyuma, anatazama moshi. Nilimwona, nikadhani anaombea vipasuke vyote.

Vilipopoa, Mama alipaka udongo mpya ukutani na kuvikandamiza humo, chini kidogo, usawa wa mkono wa Bibi, ambao ulikuwa usawa wa uso wangu. Siku Baba alipokuwa machungani na mifugo, Bibi akatoka. Akapita kwa kuku, akapita kwa ndama, akafika kwa mjusi wangu akampigapiga mgongoni na kumwuliza habari za mkia. Aliuzunguka ua wote bila fimbo. Mama alikuwa anafuta machozi kwa mkono wenye udongo na kujipaka usoni. Mimi nilirukaruka, nikiamini kwamba mambo yamekwisha.

Bibi alirudi mlangoni kwake akasimama.

"Ni kazi nzuri sana, mwanangu," akasema. "Ukuta unaniambia mimi niko wapi. Lakini ng'ombe wa ukutani hatembei. Mkwe wangu anatembea. Nitajuaje kama amelala ndani, au ametoka, au amesimama hapa mbele yangu?"

Bibi akaingia ndani. "Mwezi ukiandama," akasema kutoka gizani, "unipeleke kwangu. Nimekwisha sema."

Jioni ile Baba alikuwa anachonga mpini, na bila kuinua macho akamwuliza Mama, "Ni kweli kule Mpwapwa uliona wanaume wakishika udongo?"

"Niliwaona."

"Hawakuwa na aibu?"

"Walikuwa wanaimba."

Baba akachonga kidogo. "Nipe kidogo."

"Kidogo cha nini?"

"Cha huo udongo wako. Kiasi cha ngumi mbili. Na usiniulize."

Mama akampa, na hakumwuliza, ingawa niliona jinsi alivyojiuma mdomo.

Kesho yake nilitumwa nimpelekee Baba togwa machungani. Ng'ombe niliwaona, Baba sikumwona. Nikamtafuta hadi nyuma ya mawe makubwa, nikamkuta amechuchumaa, ulimi nje, jasho linamtoka, udongo umempanda hadi kwenye viwiko. Mbele yake palikuwa na kitu chenye pembe, na alikuwa anakidunga machoni kwa mwiba. Nikaliacha togwa pale na kukimbia. Nilikuwa nimesikia habari za watu wanaofinyanga sanamu ya adui wakaichoma miiba, na sasa nilikuwa nimeona kwa macho yangu.

"Bibi!" nilimwambia nikihema. "Baba anakufanyizia dawa!"

"Dawa gani?"

"Ya udongo. Ina pembe. Anaidunga macho."

Bibi alinivuta karibu. "Huo udongo anaushika na nini? Kijiti?"

"Na mikono. Mpaka hapa." Nikamshika viwiko vyake kumwonyesha.

"Kwa mikono yake mwenyewe," akasema polepole. Akaivuta kaniki usoni na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua analia kwa hofu, nikamkumbatia nami nikalia kwa sauti kubwa.

"Nyamaza, mjukuu wangu," akasema akinipapasa kichwa. "Unajua wenzake wakimwona hivyo watamcheka mpaka azeeke?"

"Ndiyo maana amejificha?"

"Ndiyo maana amejificha."

Sikuelewa kwa nini jambo hilo limfurahishe, maana alikuwa anafurahi, machozi na yote.

Kigae cha Baba kilichomwa katikati ya vyungu vya Mama, kimefichwa ndani kabisa. Kilitoka kizima, kwa bahati mbaya kwa wapenda uzuri. Upande mmoja ulikuwa laini mtupu. Upande wa pili ulikuwa na ng'ombe mwenye pembe moja ya kwenda juu na nyingine ya kwenda chini, macho yake matundu mawili ya mwiba, na tumbo limelala upande. Lakini kilikuwa kimepimwa vizuri, na niliona kimepimwa kwa ajili gani. Karibu na mlango wa Bibi palikuwa na tundu moja la hewa. Baba alikaa nje, akakisukuma kigae kwenye tundu lile, kikaenea, na aliweza kukigeuza kutoka nje bila kuonana na mtu wa ndani.

"Kamwambie bibi yako," Baba aliniagiza, "akigusa ng'ombe, mwenye nyumba yupo. Akigusa laini, mwenye nyumba ametoka, ua ni wake."

Kati yake na Bibi palikuwa na ukuta tu. Nikazunguka, nikaingia. "Bibi, Baba anasema..."

"Nimesikia," Bibi akasema. "Lakini sema, ndivyo inavyotakiwa."

Nikasema yote.

"Kamwambie nimesikia."

Nikazunguka tena. "Baba..."

"Nimesikia," akasema Baba, na akaondoka haraka, kwa sababu alikuwa anaona aibu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa chumbani kwa Bibi. Aliweka vidole tunduni, akamgusa ng'ombe wa Baba, akamfuata pembe kwa pembe, akautabasamia ubaya wa ng'ombe huyo. Akaketi kungoja. Baada ya muda kigae kikakwaruza, kikageuka. Bibi akanyoosha mkono: laini. Tukasikia hatua zikielekea langoni na kupotea. Akavuta pumzi, akainama mlangoni, akatoka.

Alipita kwa kuku, akapita kwa ndama, akafika mahali palipo na jua la asubuhi, akaketi, akanyoosha miguu yake iliyokuwa imepauka kwa kukaa ndani. Aliniomba maji. Nikamletea kibuyu, akakinywa chote, akaniambia niongeze. Sikuwa nimemwona akinywa hivyo tangu siku ya ndevu. Nilipokwenda kuchota, nikapitia langoni, na nje ya lango, nyuma ya ule ule mnyaa, nikamkuta Baba.

Alikuwa amesimama tu. Ng'ombe walikuwa wameshakwenda na watoto wa baba mkubwa. Hakuwa na fimbo wala jembe, alikuwa na ndama mmoja aliyemfuata kwa uvivu, na jua lilikuwa limeanza kuchoma kisawasawa.

"Baba, huendi?"

"Niende wapi?"

"Kigae kinasema umetoka."

"Nimetoka. Huoni niko nje ya lango?"

"Mpaka lini?"

Akanitazama kana kwamba swali langu ni la ajabu. "Mpaka bibi yako ashibe jua."

Nilisimama pale na kibuyu kitupu. Nilimtazama Baba, mikono yake ambayo kucha zake bado zilikuwa na udongo wa Mama, na ushahidi wangu wote nilioukusanya ukageuka mmoja mmoja na kunionyesha upande wa pili. Mnyaa, kuwa radhi kulala na ndama, yule mbuzi, ile salamu aliyonituma kila asubuhi bila kukosa. Niliona aibu, kisha nikajawa na furaha kubwa hata sikujua niiweke wapi, nikamkumbatia mguu. Akanipigapiga kichwani, akakohoa kwa sababu ya vumbi.

Kule ndani ya ua Bibi alikisikia kikohozi kile. Nilirudi mbio hadi langoni, nikasimama hapo katikati yao, nikidhani atajifunika na kukimbilia chumbani. Bibi hakusogea. Aligeuza tu uso kidogo kuelekea ukutani, kwa heshima, miguu yake ikiwa bado juani. Kisha akaniita, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtoto aliyesimama karibu hivyo.

"Mjukuu wangu! Mama yako akirudi kutoka korongoni mwambie mwezi ukiandama aendelee na kazi zake. Mimi sina safari."

Nyuma ya mnyaa nikamsikia Baba anamwambia ndama, ambaye hakuwa ameuliza lolote:

"Umesikia? Hana safari."